Kwa nini mlevi huwa wa mwisho kujua kuwa amelewa

“NIKO sawa, naweza kuendesha.” Kauli hiyo husikika kila mwisho wa wiki nje ya baa na kumbi za starehe mijini, na mara nyingi anayeitamka hasemi uongo. Anaamini kwa dhati kwamba macho yake yanaona vizuri, mikono yake inamtii na akili yake imechangamka kuliko ilivyokuwa kabla hajaketi mezani. Tatizo ni kwamba kiungo anachokitumia kujipima ndicho kilichoguswa na pombe mapema kuliko vingine.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2024, pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na takriban milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Vingi vilitokana na maradhi ya muda mrefu kama ya ini, moyo na saratani. Hata hivyo, zaidi ya 700,000 vilitokana na majeraha: ajali za barabarani, ugomvi na watu kujidhuru wenyewe. Vifo vya kundi hili la pili havisubiri ini lioze. Huanzia kwenye uamuzi mmoja mbaya, uliofanywa na mtu aliyejiona yuko timamu.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyotokea, ni muhimu kuifuata pombe tangu inapomezwa hadi inapofika kichwani.

Safari kutoka kwenye glasi

Kilevi kilichomo katika bia, mvinyo, mnazi, mbege, ulanzi na hata gongo ni kimoja, nacho huitwa kitaalamu ethanoli. Tofauti ya vinywaji hivyo ni ladha, bei na wingi wa ethanoli hiyo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo. Mililita 100 tu za pombe kali yenye nguvu ya asilimia 40 zina takriban gramu 32, yaani zaidi ya chupa moja na nusu ya bia hiyo.

Ethanoli ni kitu chepesi ambacho hakihitaji kusagwa na tumbo kama chakula. Sehemu yake ndogo huingia kwenye damu kupitia tumboni, na sehemu kubwa hupitia utumbo mwembamba. Ndiyo maana anayekunywa akiwa na njaa hulewa haraka: hakuna chakula cha kuichelewesha pombe isishuke kwenye utumbo. Kwa kuwa huchanganyika na maji na vilevile hupenya kwenye mafuta, ethanoli huvuka kwa urahisi ule ukuta unaoukinga ubongo dhidi ya sumu nyingi zilizomo kwenye damu. Dakika chache baada ya funda la kwanza, tayari imo kichwani.

Kwa ujumla wanawake hufikia kiwango kikubwa cha kileo katika damu kuliko wanaume wenye uzito uleule waliokunywa kiasi kilekile. Sababu kubwa ni kwamba miili yao huwa na maji machache kwa uwiano, hivyo kileo hakipati mahali pakubwa pa kuchanganyikia.

Breki huguswa mapema

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Zipo zinazoamsha na zipo zinazotuliza. Kemikali kuu ya kutuliza hujulikana kwa kifupi kama GABA, na kemikali kuu ya kuamsha huitwa glutameti. Pombe huiongezea nguvu ile ya kwanza na kuidhoofisha ile ya pili. Kwa maneno mengine, pombe ni dawa ya kupoozesha ubongo, wala si kichangamsho kama wengi wanavyodhani.

Swali linalofuata ni kwa nini basi mnywaji huchangamka, akacheka kwa sauti na kupanda jukwaani kuimba. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, pombe huchochea kutolewa kwa dopamini katika njia za ubongo zinazohusika na raha, pamoja na kemikali nyingine za mwili zinazofanana na dawa za kutuliza maumivu. Pili, sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ni miongoni mwa zile zinazovurugika hata kwa kiasi kidogo cha pombe. Hapo ndipo mtu hupimia madhara, huzuia ulimi, huona aibu na hujisahihisha anapokosea.

Sehemu hiyo ni kama breki. Breki ikilegea gari huongeza kasi kwenye mteremko ingawa injini haijaongezewa nguvu yoyote, na dereva asiyejua hudhani gari lake limekuwa zuri zaidi. Mnywaji naye huona amepata ujasiri, ufasaha na mvuto. Ukweli ni kwamba hajaongezewa kitu. Kilichotokea ni kwamba mlinzi wa mlangoni amesinzia.

Hili ndilo linaloufanya ulevi utofautiane na maradhi mengine. Mtu mwenye homa hujua kuwa ana homa. Mtu aliyevunjika mguu hahitaji kuambiwa. Mlevi hupoteza uwezo wa kufanya jambo na wakati huohuo hupoteza uwezo wa kutambua kwamba ameupoteza.

Ngazi kwa ngazi

Wataalamu hupima ulevi kwa miligramu za kileo zilizomo katika mililita 100 za damu. Watu hutofautiana, lakini mpangilio wa jumla unajulikana.

Kwenye miligramu 20 hadi 50, mtu hujisikia mwepesi na mwenye maneno mengi. Uwezo wake wa kufuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja huanza kushuka, ingawa yeye haoni tofauti yoyote. Karibu na miligramu 80, kasi ya kuitikia jambo la ghafla hupungua na makadirio ya umbali na mwendo huharibika. Mwaka 1964 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, chini ya uongozi wa Robert Borkenstein, aliyekuwa amebuni kipimo cha pumzi mwaka 1954. Utafiti huo ulilinganisha madereva waliopata ajali na wale waliopita maeneo yaleyale bila kupata ajali, ukaonyesha kuwa hatari hupanda kwa kasi kadiri kileo kinavyoongezeka. Sheria ya usalama barabarani ya Tanzania, kama ile ya England na Wales, imeweka kikomo cha miligramu 80 kwa madereva wa kawaida.

Kwenye miligramu 150 na kuendelea, pombe huwa imeshika ubongo mdogo ulio kisogoni, unaosimamia mizani ya mwili na mwendo. Hapo ndipo miguu hupishana na ulimi huwa mzito. Jamii nyingi humhesabu mtu kuwa amelewa pale tu anapofika hatua hii, kumbe sehemu ya ubongo inayofanya maamuzi ilikwishaondoka kazini muda mrefu uliopita.

Zaidi ya miligramu 300, mtu huweza kupoteza fahamu. Kinachobaki ni shina la ubongo, linaloendesha pumzi na kuzuia matapishi yasiingie kwenye njia ya hewa. Pombe ikifika huko, mtu hufa usingizini. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kumwacha mlevi aliyezimia “alale pombe imtoke”. Kileo kilichobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa, hivyo huweza kuzidiwa akiwa amelala. Mtu asiyeamshika, anayepumua polepole au kwa vipindi, mwenye ngozi ya baridi au midomo iliyogeuka buluu, anatakiwa kulazwa ubavu, asiachwe peke yake, na kukimbizwa hospitali.

Je, mlevi husema kweli?

Mitaani husemwa kuwa mlevi hana uongo, kwamba pombe hufunua kilichofichwa moyoni. Utafiti unatoa picha tofauti kidogo.

Mwaka 1990, wanasaikolojia wa Marekani Claude Steele na Robert Josephs walieleza nadharia ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa ufupi wa macho wa kilevi. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, pombe hupunguza upana wa mambo ambayo akili huweza kuyatazama kwa pamoja. Kilicho karibu na chenye kelele huonekana kikubwa, na kilicho mbali hutoweka. Mtu timamu aliyekanyagwa mguu kwenye umati huona mambo mengi kwa wakati mmoja: maumivu, sura ya aliyemkanyaga, uwezekano kuwa ni bahati mbaya, polisi walio jirani na watoto wanaomsubiri nyumbani. Mlevi huona maumivu tu.

Ufupi huo huo wa macho hueleza kwa nini pombe ileile humfanya mtu mmoja acheke, mwingine alie na mwingine apigane. Inategemea ni jambo gani lililo mbele ya macho yake wakati huo. Aliye kwenye muziki na marafiki husahau deni lake. Aliyeketi peke yake na huzuni yake huzama ndani yake zaidi, na ndiyo maana pombe ni hatari mno kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua. Maneno ya mlevi, basi, ni ya dakika ile, wala hayana lazima ya kuwa ukweli wake wa kudumu.

Hata hivyo, kemikali peke yake haielezi kila kitu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani, akiwamo mwanasaikolojia Alan Marlatt, waliwapa watu maji ya toniki, baadhi yakiwa yamechanganywa na vodka na mengine yakiwa matupu, kwa namna ambayo mnywaji hakuweza kutofautisha ladha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, wanaume walioamini kuwa wamekunywa pombe walikuwa wakali zaidi, hata wale waliokuwa wamekunywa toniki tupu. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa kileo chenyewe nacho huongeza ukali, hasa kwa mtu aliyechokozwa. Mambo yote mawili hufanya kazi kwa pamoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, wanazuoni Craig MacAndrew na Robert Edgerton walikusanya taarifa za jamii mbalimbali duniani na kuonyesha kuwa watu hulewa kama jamii yao ilivyowafundisha kulewa. Zipo jamii ambazo walevi hulala tu kimya, na zipo ambazo ngumi hutarajiwa. Fundisho lake ni zito kwa familia nyingi: pombe huweza kulegeza breki, lakini mume anayerudi nyumbani kumpiga mkewe, huku njiani akiwa amempita mkuu wake wa kazi kwa heshima zote, hawezi kuitupia chupa lawama yote.

Usiku usiokumbukwa

Wapo wanaoamka asubuhi bila kujua walifikaje nyumbani. Wenzao huwaambia kuwa walizungumza, walicheza, walilipa bili na hata kuendesha gari. Hawakuwa wamezimia. Kilichozimika ni kumbukumbu.

Kazi ya kuhifadhi matukio mapya hufanywa na sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, iitwayo hipokampasi. Kiwango cha pombe kinapopanda kwa ghafla, sehemu hiyo huacha kuandika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Marekani Donald Goodwin na wenzake walichunguza walevi waliopewa pombe nyingi hospitalini na kuonyeshwa mambo ya kukumbuka. Waliopoteza kumbukumbu waliweza kueleza walichokiona dakika mbili zilizopita, lakini baada ya nusu saa hakikuwapo tena. Mtu wa namna hiyo huweza kujibu maswali kama kawaida huku akili yake haihifadhi lolote.

Kumbukumbu ya aina hiyo hairudi kwa kujitahidi kukumbuka, kwa sababu haikuandikwa. Mtu anayekutwa na hali hiyo mara kwa mara anapaswa kuichukulia kama onyo la daktari.

Hesabu ya asubuhi

Tofauti na chakula na dawa nyingi, pombe huondoka mwilini kwa mwendo usiobadilika sana. Ini huivunja hadi kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Kwa wastani kiwango cha kileo katika damu hushuka kwa takriban miligramu 15 kwa kila saa. Kahawa nzito, maji ya baridi, supu ya pweza au kutapika havibadilishi mwendo huo. Kahawa humfanya mlevi awe macho, lakini humwacha akiwa mlevi vilevile.

Kwa kutumia kanuni iliyotungwa na mwanasayansi wa Sweden Erik Widmark mwaka 1932, mtu yeyote anaweza kufanya makadirio. Chukua mwanamume wa kilo 70 anayeanza kunywa saa 2:00 usiku na kumaliza chupa sita za bia za mililita 500 ifikapo saa 6:00 usiku. Wakati anaondoka, damu yake yaweza kuwa na miligramu zipatazo 190. Akilala na kuamka saa 12:00 asubuhi, bado ana takriban miligramu 100, juu ya kikomo cha sheria, huku akiwa amekwishaoga, amekunywa chai na ameshika usukani kuwapeleka watoto shule. Kileo chote hakitamtoka hadi mnamo saa 7:00 mchana.

Usingizi wenyewe haukuwa mzuri. Pombe humlaza mtu haraka, lakini huvuruga usingizi wa ndoto, na nusu ya pili ya usiku huwa ya kushtukashtuka. Isitoshe, hupunguza homoni inayozuia mkojo, hivyo mnywaji hupoteza maji mengi. Ndiyo sababu moja ya kichwa kuuma na koo kukauka siku inayofuata.

Ubongo unapozoea

Mtu akinywa sana kwa miezi na miaka, ubongo hujibu kwa kujirekebisha. Kwa kuwa kila siku unapoozeshwa, hupunguza usikivu wake kwa kemikali za kutuliza na kuongeza zile za kuamsha. Mnywaji wa namna hiyo husifiwa kuwa “ana kichwa kigumu”, kwa sababu anakunywa chupa nyingi bila kuyumba. Sifa hiyo ni dalili ya ugonjwa. Ini na moyo wake vinapokea sumu yote bila kupunguziwa hata tone.

Hatari kubwa hujitokeza anapoacha ghafla. Pombe ikiondoka, ubongo uliokuwa ukisukuma dhidi yake hubaki ukisukuma peke yake. Mikono hutetemeka, jasho humtoka na moyo hupiga mbio. Hapo ndipo wengi hukimbilia “kuzimua” asubuhi, na nafuu wanayoipata ni ushahidi kwamba mwili umekwishafungwa. Kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho huweza kutokea degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi huchanganyikiwa, hupata homa na kuona wadudu au watu wasiokuwapo.

Hali hiyo huweza kudhaniwa kuwa ni mapepo au kurogwa, na mgonjwa akafungiwa ndani au kupelekwa kuombewa wakati anahitaji hospitali. Bila matibabu huweza kuua. Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi hapaswi kulazimishwa kuacha kwa siku moja akiwa nyumbani. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1.

Vitamini hiyo ina historia yake. Walevi wengi hula kidogo, na pombe huzuia utumbo kuifyonza. Upungufu wake huharibu sehemu za ndani za ubongo. Mwaka 1881 daktari wa Ujerumani Carl Wernicke alieleza wagonjwa waliochanganyikiwa, wenye macho yasiyotembea sawasawa na mwendo wa kuyumba. Miaka michache baadaye Sergei Korsakoff wa Urusi alieleza wagonjwa wasioweza kuhifadhi kumbukumbu mpya, ambao huziba mapengo kwa hadithi wanazoziamini wenyewe. Hatua ya kwanza hutibika iwapo vitamini itatolewa mapema. Ya pili mara nyingi haitibiki.

Gongo na macho

Kwa wanaokunywa pombe isiyopimwa, ipo hatari nyingine. Methanoli hufanana na ethanoli kwa sura na harufu, na huweza kuchanganywa na wauzaji wenye tamaa. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho na ubongo. Mwezi Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapofuka.

Dalili zake huchelewa, mara nyingi kwa saa 12 au zaidi, na huanza kama uchovu wa kawaida wa siku ya pili: kichwa, tumbo, kizunguzungu. Mnywaji hulala akingoja nafuu. Kuona ukungu au mwanga mweupe machoni baada ya kunywa ni dharura, na tiba ipo iwapo atafika hospitali mapema.

Ubongo unaokua

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile breki iliyotajwa hapo juu, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kijana wa miaka 16 anayekunywa hulegeza breki ambayo bado haijafungwa yote. Ndiyo maana uamuzi wa Serikali ya Tanzania wa kupiga marufuku pombe kali za vifuko, maarufu kama viroba, kuanzia Machi 1, 2017, ulikuwa na uzito wa kitabibu. Vilikuwa vya bei ndogo na vilifichika kwa urahisi hata kwenye mfuko wa sare ya shule.

Mtoto aliye tumboni hana kinga kabisa. Kileo huvuka kondo la nyuma na kufikia ubongo unaojengwa. Madaktari wa Ufaransa walikwishaliona jambo hilo mwaka 1968, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Marekani wakaupa ugonjwa huo jina. Watoto hao huweza kuwa na sura ya pekee, ukuaji hafifu na ugumu wa kujifunza unaodumu maisha yote. Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito.

Nini kifanyike

Zipo habari njema. Picha za ubongo zimeonyesha kuwa sehemu ya kusinyaa kunakoletwa na ulevi hurekebika baada ya majuma na miezi ya kuacha. Hospitali zenye idara za afya ya akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe mjini Dodoma, zina wataalamu wa matatizo haya, na zipo dawa zinazopunguza hamu ya kunywa.

Kwa anayetaka kujichunguza, daktari wa Marekani John Ewing alichapisha mwaka 1984 maswali manne mepesi. Je, umewahi kuona kuwa inakupasa kupunguza pombe? Je, watu wamewahi kukukera kwa kukosoa unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya au kujilaumu kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi mara tu baada ya kuamka ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana? Anayejibu ndiyo kwa maswali mawili au zaidi anashauriwa kumwona daktari.

Mwezi Januari mwaka 2023, WHO ilitangaza kuwa hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa ni salama kwa afya. Kwa wale watakaoendelea kunywa, sayansi ya ubongo inatoa ushauri mmoja ulio wazi: maamuzi yote muhimu yafanywe kabla ya glasi ya kwanza. Nani ataendesha, funguo za gari zitabaki kwa nani, fedha kiasi gani zitabebwa na saa ngapi ni mwisho wa kikao. Baada ya hapo, anayeulizwa kama yuko sawa atajibu kuwa yuko sawa, na jibu lake lisitumiwe kama kipimo.